Salama ya Buswelu

Wilhelmina Mhoja hakuwa mtu wa kutukana mashine. Alilelewa na mama mkali kule Magu, akasomeshwa na masista, na kote huko alifundishwa kuubana mdomo. Lakini Jumatano ile, akiwa peke yake kwenye chumba cha kompyuta cha Maabara za Jiwe Kuu, Pasiansi, aliitazama skrini akasema kwa sauti, "Mpumbavu mkubwa wewe," na hakujuta hata kidogo.

Aliyetukanwa alikuwa Buswelu. Maabara ilikuwa na seva mbili, na wafanyakazi walizipa majina ya mahali zilipo kana kwamba ni watu. Pasiansi ndiye mkubwa, majibu yote ya vipimo yanaingia kwake. Buswelu ni wa akiba, amewekwa mbali na ziwa ili Pasiansi akizimika yeye ashike kazi. Kila badiliko linaloingia Pasiansi linaandikwa kwanza kwenye logi, mstari baada ya mstari, kisha logi hiyo inapelekwa Buswelu, naye anarudia yote yaliyoandikwa humo mpaka afanane na mwenzake. Kazi ya Wilhelmina ilikuwa kuhakikisha huyu wa pili haachwi nyuma na wa kwanza.

Basi alikuwa amemuuliza Buswelu swali dogo tu: umefika wapi kwenye logi? Amri ya kuuliza hivyo ipo, na Pasiansi ukimpa anakujibu papo hapo kwa namba. Buswelu alijibu kwamba yuko katika hali ya kurejeshwa, na amri hiyo haitumiki katika hali hiyo. Hapo ndipo Wilhelmina alipotukana, maana seva ya akiba hukaa katika hali ya kurejeshwa, yaani ya kurudia logi ya mwenzake, maisha yake yote. Ndiyo kazi yake. Ni sawa na kwenda ofisini ukaambiwa njoo mhusika akirudi, na mhusika mwenyewe alishastaafu. Waliotunga amri ile walimfikiria anayeandika, wakamsahau anayesikiliza, na hali anayesikiliza ndiye unayetaka kujua amesikia mpaka wapi.

Angeliacha jambo hilo lilale kama isingekuwa Jumamosi.

Ziwa lilikuwa limepanda tena. Maji yalishafika kwenye ukuta wa nyuma wa jengo la Pasiansi, na kambale walionekana kwenye mtaro ambao zamani ulipitisha maji ya mvua tu. Mkurugenzi, Daktari Nurudin Abeid, akaamua kazi yote ihamie Buswelu siku ya Jumamosi, mbele ya wafadhili, kwa hotuba na soda. Mashine ya Pasiansi ilikuwa ya kukodi. Ingezimwa, diski zake zifutwe ili kulinda siri za wagonjwa, kisha irudishwe kwa mwenyewe. Kitu ambacho kisingekuwepo Buswelu Jumamosi asubuhi kisingekuwepo popote tena.

Na hivyo vitu havikuwa vya mchezo. Maabara ilikuwa inapima damu za watoto wachanga, tone la kisigino, kutafuta selimundu, ule ugonjwa ambao wengi wanauita sikoseli. Kina mama wa visiwani, Ukara na Ukerewe na kwingineko, wanavuka maji na kichanga mgongoni, mtoto anachomwa, wanarudi kwao, na jibu wanalifuata siku ya kliniki. Tone lenyewe likishapimwa linaharibiwa. Mtoto mwenye ugonjwa akijulikana mapema anaanzishiwa dawa za kinga na anakua. Asipojulikana, homa ya kwanza kubwa inaweza kuondoka naye.

Wilhelmina alilijua hilo kuliko alivyozijua kompyuta. Mdogo wake, Mihayo, aliondoka hivyo. Yeye alikuwa bwenini wakati huo, na Jumapili masista waliwaruhusu wasichana kupiga simu nyumbani. Anauliza, "Mihayo anaendeleaje?" Na mama yake, Suzana, anajibu kwa Kisukuma kama anavyoitikia salamu ya jirani: mhola duhu, nzuri tu. Wiki hii mhola duhu, wiki ijayo mhola duhu, halafu likizo akafika nyumbani akakuta kaburi ambalo limeshaanza kuota majani. Hawakutaka kumvuruga kwenye mitihani, walisema. Alifaulu mitihani hiyo, na tangu siku ile akalichukia neno "nzuri". Alilitumia, maana nani asiyelitumia, lakini kwa shingo upande. Na simu za Jumapili ziliendelea hata alipokuwa mtu mzima mwenye kazi na nyumba yake Ilemela. Baada ya misa anampigia mama, mama anasema mhola duhu, wanaongea habari za kuku na mvua, wanakata.

Turudi kwa Buswelu. Kilichomkosesha raha Wilhelmina hakikuwa kukataliwa, ilikuwa ni ripoti. Kila asubuhi programu ndogo ilituma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la maabara: Pasiansi SALAMA, Buswelu SALAMA. Watu wanaitikia kwa vidole gumba na maua, siku inaanza. Sasa kama Buswelu hajibu akiulizwa, hiyo salama yake ilikuwa inatoka wapi?

Programu hiyo iliandikwa na Revocatus, aliyeshika kazi ile kabla ya Wilhelmina na ambaye sasa ni mkuu wa kitengo. Aliifungua, akaisoma taratibu. Ilikuwa inauliza swali lilelile, kwa amri ileile inayokataliwa. Na chini yake Revocatus alikuwa ameelekeza kwamba likija jibu lolote ambalo si namba, iandike SALAMA.

Alirudia kuusoma mstari ule kana kwamba utabadilika. Muda wote ule mashine ilikuwa inasema siwezi kukujibu, na ripoti inawaambia watu wazima wenye elimu zao kwamba ni nzuri tu.

Revocatus alikuwa mtu wa watu. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukifika, analeta wa kwao Bukoba kwenye ndoo na kuwagawia mpaka walinzi. Ni vigumu kumkasirikia mtu wa namna hiyo, na hilo lilimkera Wilhelmina zaidi. Alimkuta ofisini anakunywa chai.

"Kaka Revo, huu mstari ni wa nini?"

Aliinama akatazama. "Aa, huo. Unajua, Mina, ile amri haifanyi kazi kule kwa Buswelu. Kila asubuhi ilikuwa inaleta onyo jekundu. Daktari akiona jekundu presha inapanda, ananipigia sijafungua hata macho. Nakwenda kuangalia, mashine nzima kabisa, taa zinawaka. Kesho tena jekundu. Nikasema hapana, bora tuweke salama, watu wafanye kazi."

"Lakini kama hajibu, umejuaje kama ni salama?"

"Si angekuwa na tatizo tungesikia?"

"Kutoka kwa nani?"

Revocatus alicheka, akavuta kikombe karibu. "Wewe nawe. Mtu akikuuliza habari za asubuhi unaanza kumsimulia tumbo lako? Unasema nzuri, mnakaa, halafu ndiyo unaleta ile 'ila'. Nzuri, ila mtoto hakulala. Nzuri, ila tumefiwa. Ndivyo tunavyoishi."

"Sasa kwenye programu yako hiyo 'ila' iko wapi?"

Alijikuna sikio, akasema chai inapoa.

Haki lazima itendeke hata kwa mtu anayeudhi. Revocatus hakudanganya kwa nia mbaya. Alipewa chombo kinachogoma kujibu, kikampigia kelele za bure asubuhi baada ya asubuhi, akakiziba mdomo. Wengi wetu tungefanya hivyohivyo. Lakini mtoto wa Ukara hatanufaika na nia njema ya Revocatus, na Wilhelmina alitoka pale bila hata kuaga.

Alhamisi aliitumia kutafuta njia nyingine ya kumuuliza. Ukisoma kwa subira unakuta kwamba wa akiba haulizwi unaandika wapi, kwa sababu haandiki. Anaulizwa kitu gani cha mwisho ulichopokea, na kitu gani cha mwisho ulichorudia. Ni amri mbili tofauti, na hizo Buswelu anazikubali. Wilhelmina alizituma. Namba zikaja, zote mbili sawasawa: kila alichopokea amekirudia. Kwa muda mfupi alijiona mjinga kwa kelele zote zile. Kisha akaiweka namba hiyo kando ya namba ya Pasiansi. Zilikuwa mbali. Akamuuliza Buswelu badiliko la mwisho alilolirudia ni la lini, akaambiwa ni la masika, wiki ile ambayo umeme ulikuwa unakatika na kurudi mpaka friji za watu zikaungua.

Sasa ilikuwa kiangazi.

Habari yenyewe, alipoipekua, ilikuwa rahisi hata kuudhi. Umeme ulipokatika Buswelu alipitwa. Aliporudi hewani aliomba kipande cha logi alichoishia, maana logi huhifadhiwa kwa vipande, na Pasiansi akamjibu kwamba hicho hanacho tena. Tangu siku ile Buswelu alikuwa anaomba kipande kilekile na kupewa jibu lilelile, usiku na mchana, huku juu yake wakimwandikia SALAMA.

Bado palikuwa na tumaini moja. Vipande vya zamani vilikuwa na ghala lao, diski kubwa iliyoko palepale Pasiansi. Kama kipande alichokwama nacho Buswelu kingekuwemo, angekipeleka kwa mkono, na vilivyofuata, na Buswelu angefukuzia mpaka amfikie mwenzake. Kilichohitajika ni kujua jina la kipande. Ipo amri ya kuigeuza namba iwe jina. Wilhelmina aliituma kwa Buswelu, na Buswelu akamjibu kwamba yuko katika hali ya kurejeshwa na amri hiyo haitumiki.

Alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha jiwe, yale mawe makubwa yaliyobebana nyuma ya jengo, akahesabu pumzi. Mlinzi alimuuliza kulikoni, akamjibu, "Nzuri," halafu akajichukia kwa kusema hivyo.

Aliporudi ndani alichukua kalamu na karatasi, akaipiga hesabu mwenyewe. Jina la kipande linatokana na ile namba, si uchawi, ila linaanza na namba ya kizazi, na kizazi hupanda kila mara seva ya akiba inaposhika ukubwa. Hapo ndipo Buswelu anapogoma, hataki kutaja jina asilo na hakika nalo. Wilhelmina alikosea kizazi mara ya kwanza, akaupoteza mchana akitafuta kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Kisha akakumbuka kusimuliwa kwamba miaka ya nyuma seva hizi ziliwahi kubadilishana vyeo kwa wiki moja. Akarekebisha, akapata jina, akaingia ghalani.

Hakikuwemo. Wala vilivyofuata, ila vya karibuni tu. Ghala lilikuwa linafagiliwa kila Ijumaa ili lisijae, na fagio hilo liliwekewa sharti zuri kabisa la usalama: lisifute kitu mpaka ripoti iseme Buswelu SALAMA.

Hapo hakutukana. Alikaa akakunja mikono. Salama ile haikuwa imeficha ubovu tu, ilikuwa inafuta njia ya kurudia. Dawa iliyobaki ilikuwa kumnakili Pasiansi mzima upya kwenda Buswelu, kwa mtandao ule mwembamba, na hiyo isingekwisha kwa Jumamosi hata kwa miujiza. Aliuzima ule ufagiaji, akaanzisha kunakili, na akajua kwamba Jumamosi lazima isogezwe.

Ijumaa asubuhi aliizima ripoti ya Revocatus, akaandika mwenyewe kwenye grupu: "Habari za asubuhi. Buswelu HAYUKO salama. Hana majibu ya mtoto yeyote tangu masika. Tukihama kesho yatapotea yote. Naomba tusogeze siku."

Majibu yalianza kuingia. Queen wa mapokezi alituma waridi. Mtu wa stoo akaandika, "Ijumaa Kareem." Mwingine akasema, "Amina, kazi njema wapendwa." Vidole gumba vikapangana. Mkurugenzi naye akaweka cha kwake. Wilhelmina aliitazama simu mpaka akahisi machozi ya hasira. Hakuna aliyesoma. Ujumbe wa saa ile kila siku ni salama, basi wakaitikia salama.

Alimpigia Daktari, simu haikupokelewa. Alimpigia Revocatus.

"Mina, nimeona. Lakini wafadhili wako njiani. Tupite Jumamosi, Jumatatu tunarekebisha kimyakimya."

"Jumatatu diski zitakuwa zimefutwa, kaka."

"Basi tutaongea nao wachelewe kufuta."

"Umeongea nao?"

"Nitaongea."

Wilhelmina akakata simu, akapanda ngazi.

Sasa, lazima umjue Daktari Nurudin. Ni mtoto wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa mjini, mzee wa kanzu safi siku ya Ijumaa, na jambo asilolivumilia ni mtu asiyesalimia. Ukikutana naye kwenye ngazi unasimama, unatoa shikamoo inayosikika, anaiitikia, kisha anakuuliza nyumbani, watoto, wazazi, nawe unajibu nzuri, nzuri, nzuri, ndipo mnapita. Aliwahi kumrudisha mlangoni daktari kijana aliyeingia na faili mkononi akianza na habari za kazi. "Toka, uingie tena kama uliyezaliwa na watu," alimwambia, na yule kijana akatoka akaingia tena.

Wilhelmina alikuwa amempa mzee huyo shikamoo yake kila siku aliyomwona. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha mikutano, ambamo Daktari na wakuu wa vitengo walikuwa wanapanga mapokezi ya wageni, shikamoo ilikuwa tayari mdomoni. Akaona picha yote ilivyokuwa inakwenda kuwa: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, nzuri, mama hajambo, hajambo, na likifika lile lililomleta litakuwa limeshapozwa kama uji wa jana, na Revocatus atasema ni mambo madogo ya kiufundi.

Akaufungua mlango bila hodi. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya mkurugenzi, akaiweka kompyuta yake juu ya karatasi za ratiba ya wageni. Hakusema neno.

Daktari Nurudin alimtazama usoni, na ukali wote ukamtoka. Alishika ukingo wa meza, akanyanyuka nusu. Kwa watu wa rika lake, mtu mwenye adabu akiingia bila kusalimia, huyo kaleta msiba.

"Wilhelmina," alisema kwa sauti ya chini. "Nani amefariki?"

"Bado, Daktari. Tukihama kesho, wataanza."

Revocatus alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. "Daktari, ni mambo madogo ya ki…"

"Sijakuuliza wewe. Keti, mwanangu. Sema."

Hakueleza logi wala vizazi. Aliuliza kama kuna mama yeyote hapo nje aliyekuja kufuata jibu la mtoto. Daktari mwenyewe alimpigia Queen mapokezi. Yupo, Queen akasema, anaitwa Evelina, katoka Ukara, mtoto wake ni Malimi. Wilhelmina aliandika jina hilo akamuuliza Pasiansi, akaigeuza skrini ili Daktari peke yake asome. Mzee alisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mtoto alikuwa nao ugonjwa.

"Sasa namuuliza Buswelu," Wilhelmina akasema.

Buswelu alijibu kwamba hakuna mtoto wa jina hilo.

"Labda umekosea kuandika," Daktari akasema.

Aliandika tena. Hakuna.

"Chukua mwingine," Daktari akasema, na akataja mwingine anayemkumbuka. Hakuna. Akataja wa tatu, mjukuu wa rafiki yake, aliyepimwa mwezi uliopita. Hakuna. Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena kana kwamba kosa ni la vioo.

"Na hii salama tunayotumiwa kila asubuhi?"

Revocatus alikuwa anatazama mikono yake. Wilhelmina alikuwa na majibu mengi, lakini alipomwona yule mtu wa senene amejikunja kwenye kiti, akayameza.

"Ripoti iliuliza swali ambalo Buswelu hawezi kulijibu, Daktari," alisema. "Na tulipokosa jibu, tukaandika salama."

"Na wewe ulikuwa wapi tangu masika?"

Lilimchoma. Alikabidhiwa kazi masika yakielekea ukingoni, angeweza kujitetea. Lakini ukweli ni kwamba tangu hapo naye alikuwa anaitikia ile salama kwa kidole gumba kama wengine.

"Nilikuwa naitikia, Daktari," akasema.

Siku ikasogezwa. Wafadhili waliambiwa ni kwa sababu zilizo nje ya uwezo, maneno ambayo hayasemi kitu, wakanywa soda zao wakarudi hotelini. Mwenye mashine alinung'unika akakubali kungoja. Evelina wa Ukara alifundishwa dawa za Malimi siku hiyohiyo, akalia kidogo, akamfunga mtoto mgongoni akaenda kuwahi boti. Hakuna aliyemwambia Wilhelmina asante, isipokuwa mlinzi, ambaye hakujua anashukuru nini.

Nakala ikawa inasota kuelekea Buswelu kwa mwendo wa jongoo. Wakati inasota, Wilhelmina aliandika programu mpya. Hii inaanza kwa kumuuliza aliye mbele yake: wewe ni mkubwa au wa akiba? Akiwa mkubwa, inamuuliza anaandika wapi. Akiwa wa akiba, inamuuliza amepokea mpaka wapi na amerudia mpaka wapi, na jina la kipande inalihesabu yenyewe, haimlazimishi kujibu asichoweza. Namba zikitofautiana sana inasema zimetofautiana. Na isipopata jibu, inaandika SIJUI.

Daktari Nurudin alimwita kuhusu hilo.

"Sijui ni jibu gani la kumpa mkurugenzi?"

"Ndilo la kweli, Daktari."

"Tafuta neno jingine. La heshima."

"Lipi?"

Mzee aliguna, akamruhusu aende. Jumamosi asubuhi, Buswelu akiwa bado ananakiliwa na hajibu kitu, grupu likapata: Pasiansi SALAMA, Buswelu SIJUI. Queen akatuma waridi. Mtu wa stoo akaandika, "Amina." Wilhelmina alitamani kuitupa simu ziwani imfuate kambale.

Jumapili baada ya misa, akiwa bado na hasira hizo, alikaa kwenye benchi la nje ya kanisa akampigia mama yake kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za hapo?"

"Mhola duhu."

Hapo ndipo huwa zinaingia habari za kuku. Wilhelmina alifungua mdomo aulize za kuku, akaufunga. Upande wa pili alisikia jogoo, na redio ya jirani, na mama yake akingoja zamu yake ya kuulizwa kuhusu mvua.

"Mama, sikusalimii sasa. Nakuuliza. Mwili wako ukoje? Anzia kichwani."

Alidhani simu imekatika.

"Jicho," Suzana alisema mwishowe. "Hili la kulia. Halioni."

"Halioni kabisa?"

"Naona ukungu tu. Hata kuku siku hizi nawahesabu kwa kuwasikia."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu masika."

Wilhelmina alishika kichwa. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walimpungia mkono, hakuwaona. "Masika! Mama, nimekupigia kila Jumapili tangu masika. Kila Jumapili! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu," Suzana alisema, bila kinyongo chochote. "Ulikuwa unanisalimia tu."